Aina za data kwa anwani za kumbukumbu katika viendeshi vya Linux

Anayeandika kiendeshi cha kifaa ndani ya keneli ya Linux huanza kwa kuuliza anwani ina biti ngapi, ilhali swali linalotangulia ni anwani hiyo inasomwa na nani. Kichakataji hutumia anwani pepe, na hizi hukaa katika kielekezi au, zikihitaji hesabu, katika `unsigned long`, ambayo Linux huichukulia kuwa na upana uleule wa kielekezi. Anwani halisi ya RAM hubebwa na `phys_addr_t`. Kifaa kinachosoma kumbukumbu chenyewe hupewa `dma_addr_t`. Panapokuwa na IOMMU (kitengo kinachotafsiri anwani za vifaa) kati yake na RAM, namba hiyo yaweza kuwa tofauti kabisa na anwani halisi ya ukurasa huohuo. Rejista za kifaa nazo hufikiwa kupitia `void __iomem *`.

Ushahidi kwamba tofauti hizi si mapambo ulionekana wazi kwa Pentium Pro ya mwaka 1995. Kwa PAE, yaani upanuzi wa anwani halisi, kichakataji hicho kiliweza kufikia GB 64 kwa anwani halisi za biti 36, huku vielekezi vikibaki na biti 32. Kiendeshi kilichoweka anwani halisi katika `unsigned long` kilikata biti 4 za juu. Kwenye mashine yenye RAM ndogo hakikuonyesha kasoro yoyote. Anwani ilipovuka GB 4, kiliandika mahali pasipo pake, na kosa la namna hiyo ni gumu mno kulifuatilia.

Wapo wasemao kwamba `u64` kila mahali ingemaliza tatizo. Ingemaliza la upana tu. Ni kweli pia kwamba `phys_addr_t` na `dma_addr_t` zote ni namba kamili, hivyo kompaila hainung'uniki zikichanganywa. Lakini jina humwonyesha mkaguzi wa msimbo pa kutilia shaka, na sparse, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2003, hukamata matumizi mabaya ya `__iomem` na `__user` (ya vielekezi vya programu za mtumiaji), alama ambazo `u64` ingezifuta. Hoja yao ina nguvu pale data inapovuka mpaka wa keneli: muundo wa ioctl unaotumiwa na programu ya biti 32 juu ya keneli ya biti 64 unahitaji `__u64`, na jedwali linalosomwa na kifaa chenyewe huhitaji aina ya upana maalumu yenye mpangilio wa baiti uliotajwa, kama `__le64`.