Mwanya wa Boneti

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimewahi kuona gari lililouzwa huku likiutangaza ubaya wake.

Nilikuwa fundi wa bodi katika gereji ndogo huko Michigan, Marekani. Siku moja ililetwa Ford Fairlane Thunderbolt ya mwaka 1964, mojawapo ya magari 100 tu yaliyoundwa. Yalikusudiwa mashindano ya robo maili, ambako kila ratili ni adui. Ford walitia injini ya lita 7 katika gari la ukubwa wa kati, kisha wakapunguza uzito. Redio, hita na hata wipa ya upande wa abiria havikuwekwa. Boneti na madigadi ya mbele yalikuwa ya faibaglasi, si bati.

Bati hugandamizwa kwa mashine nzito, na kila kipande hufanana na mwenzake. Faibaglasi hulazwa ndani ya kalibu: nyuzi za kioo, gundi, nyuzi tena, kisha huachwa ikauke. Ni nyepesi, lakini ikikauka hujikunyata. Uso huwa na mawimbi na kingo hazilingani.

Nilipouona mwanya kati ya boneti na madigadi, mpana huku, mwembamba kule, nilidhani ni kazi ya fundi mzembe. Nikachukua msasa. Nilikuwa nimekwisha kula kama shubiri moja ya ukingo mwenye gari alipoingia. Hakunigombeza. Alifungua kisanduku cha dashibodi akanionyesha kibao kilichobandikwa na watengenezaji wenyewe. Kilimwonya mnunuzi kwamba, kwa ajili ya kupunguza uzito, ulinganifu na umaridadi wa bodi haukufikia kiwango cha kawaida cha Ford.

Nilinyamaza. Mwanya ule haukuwa kosa. Ulikuwa ushahidi wa mwaka 1964, wa watu waliochagua kasi wakaacha umaridadi, na wakakiri. Mimi niliufuta kwa dakika chache. Puti ingeweza kurudisha umbo, lakini si ukingo wenyewe.

Tangu hapo, nikishika kitu cha kale, au nikisimulia habari za wazee wangu, huuliza kwanza: hii ni kasoro, au ni kumbukumbu? Kwetu mwanya wa meno ni urembo. Ningalikumbuka hilo mapema, ningaliuacha msasa mezani.