Gato ya karoti: pale sukari ilipokosekana

Tarehe 8 Januari 1940, miezi minne baada ya vita ya pili ya dunia kuanza, serikali ya Uingereza ilianza kugawa sukari kwa kipimo. Kila mkaaji, awe tajiri ao maskini, alipewa kitabu cha mgao. Mwanzoni alipata gramu 340 kwa juma, na baadaye karibu gramu 227 tu. Inchi hiyo ilitegemea sana chakula kilichotoka ng'ambo kwa meli, na nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinazizamisha meli hizo.

Wamama wakajiuliza: siku ya kuzaliwa ya mtoto, gato itapikwa na nini? Wengi walijibu kwa karoti.

Jambo hilo halikuwa jipya huko Ulaya. Tangu zamani, wakati sukari ilikuwa mali ya watu wakubwa, wapishi walitia karoti katika vyakula vitamu. Mwaka wa 1814, mpishi wa Paris, Antoine Beauvilliers, alichapisha kitabu cha mapishi chenye gato ya karoti. Uswisi nayo, jimbo la Aargau linajulikana mpaka leo kwa gato ya karoti na lozi.

Kwa nini karoti? Wakati wa baridi kali, mashamba ya Ulaya hayatoi mboga nyingi. Lakini karoti iliyovunwa mbele ya barafu na kufukiwa katika mchanga inaweza kukaa miezi mingi bila kuoza. Tena ina utamu wake, na maji yake yanafanya gato isikauke haraka. Hata hivyo, haiwezi kuchukua nafasi yote ya sukari: gramu 100 za karoti zina karibu gramu 5 tu za sukari. Ndiyo maana wapishi waliikwaruza, wakaichanganya na unga, na sukari kidogo waliyokuwa wameweka akiba.

Redio ilifanya kazi kubwa. Tangu Juni 1940, BBC ilikuwa na kipindi kifupi cha mapishi, The Kitchen Front, kila asubuhi saa mbili na robo, wakati wengi walikuwa wanajitayarisha kwenda sokoni. Wizara ya Chakula, chini ya Lord Woolton, ilitoa pia picha za Doctor Carrot, karoti yenye kuvaa kama munganga. Watoto waliuziwa karoti kwenye kijiti pahali pa barafu tamu.

Lakini si kila neno lililosemwa lilikuwa kweli. Watu waliambiwa kwamba rubani John Cunningham aliona ndege za adui usiku kwa sababu ya kula karoti. Kweli yenyewe ilikuwa rada, chombo kipya ndani ya ndege, ambacho serikali ilitaka kukificha. Karoti inasaidia macho ya mtu aliyekosa vitamini A. Haimpi mtu mwenye afya macho ya paka.

Amani ilipokuja, njaa ya sukari haikuisha siku hiyo. Hata mkate, ambao haukupimwa wakati wa vita, ulianza kupimwa mwaka wa 1946 mpaka 1948. Sukari iliachiliwa Septemba 1953, na mgao wote ukaisha Julai 1954.

Gato ya karoti ilibaki. Miaka ya 1960 na 1970 ilienea sana Marekani, ikipakwa juu krimu ya jibini iliyojaa sukari. Leo wengi wanaila kama anasa, wakidhani karoti inaifanya kuwa chakula cha afya.

Huku Kivu, karoti zinatoka milima ya Masisi na Lubero na kuishia zaidi katika mchuzi. Mama anayetaka kujaribu gato hana haja ya kungoja vita. Lakini akumbuke kwamba huko Uingereza karoti haikufanya kazi peke yake. Kulikuwa pia na kipimo kimoja kwa wote, na sauti ya redio kila asubuhi iliyoeleza namna ya kupika kile kilichopatikana.