Langilangi

Neno langilangi, jina la ua, lilifika pwani yetu kwa njia ya bahari. Chimbuko lake ni Kitagalogi cha Ufilipino, ambako ua hili huitwa ilang-ilang. Kwa Kiswahili mti wake ni mlangilangi.

Unguja na Pemba, ua hilo la manjano huunganishwa na asumini na rihani katika kikuba, shada dogo ambalo mwanamke hulibana kwenye nywele au nguo. Wakomoro wao hulikeneka. Maua huchumwa asubuhi na mapema, yakapitishwa mvuke kwa saa nyingi, na mafuta yanayotangulia kutoka ndiyo ghali zaidi. Chanel No. 5, manukato yaliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1921, yana langilangi ndani yake.

Kwenye ngozi, harufu huanza kwa utamu unaokaribia ndizi mbivu, kisha hutulia ikawa laini, na hapo ndipo inapopendeza hasa. Ngozi kavu huipoteza upesi.

Anayetaka anukie hadi jioni (anukie, si anuke!) ajipake kwanza mafuta ya nazi. Mafuta ya langilangi yenyewe yasipakwe matupu, kwani huweza kuwasha ngozi.