Mforsadi wa Stratford

Mwandishi William Shakespeare alizaliwa mwaka 1564 katika mji mdogo wa Stratford-upon-Avon, Uingereza, akafariki mwaka 1616. Mahali pa makao yake, paitwapo New Place, palikuwa na mforsadi. Watu walisimulia kwamba aliupanda kwa mkono wake.

Katika karne ya 18 wageni walizidi kuja kuutazama. Mwenye nyumba wa wakati ule, mchungaji wa Kianglikana Francis Gastrell, alichoshwa nao, akaukata. Mwaka 1759, akiwa na ugomvi na mji juu ya kodi, aliibomoa hata nyumba. Mbao za mti zilichongwa vikopo na visanduku, wageni wakauziwa.

Mwaka 1786 John Adams na Thomas Jefferson, waliokuja kuwa marais wa Marekani, walizuru nyumba alimozaliwa mwandishi huyo. Walionyeshwa kiti kilichosemwa kuwa chake, wakakata kipande, maana ndiyo iliyokuwa desturi.

Basi tusimlaumu Gastrell peke yake. Yeye aliharibu kwa hasira, wageni kwa mapenzi; hasara ni ileile. Nyumba ya kuzaliwa iliokoka kwa sababu mwaka 1847 ilinunuliwa kwa michango ya watu wengi.

Tena urithi wenyewe haukuwa kitini. Julius Nyerere aliuchota katika maandishi, akatafsiri tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1963, wala hakuna aliyepungukiwa.

Nasi tuzurupo mahali pa wakubwa wetu, tunachukua nini, na tunawaachia nini watakaotufuata?