Meta mbili za Brindley: watu waliozaliwa na kukulia kwenye mifereji ya Uingereza

Anayekodi mashua nyembamba kwenye mifereji ya Uingereza leo hahitaji leseni ya unahodha. Husimama nyuma, mkono kwenye usukani, injini ya dizeli ikinguruma chini ya miguu, na mwendo hauruhusiwi kuzidi kilometa 6 na nusu kwa saa. Ardhi inapoinuka, mashua huingia kwenye chumba cha maji chenye malango mazito. Lango la nyuma hufungwa, mtu huzungusha mkono wa chuma ili maji yaingie, mashua hupanda nayo, kisha lango la mbele hufunguliwa. Kila chumba hula kama robo saa, na kutwa nzima huenda akapiga kilometa 20 tu.

Ndani ya vyumba vile mashua nusura iguse kuta zote mbili. Wembamba huo uliamuliwa na fundi mmoja, na familia nyingi ziliishi ndani ya uamuzi wake kwa vizazi kadhaa.

Fundi huyo ni James Brindley, mtengenezaji wa vinu ambaye hakusoma sana. Mwaka 1761 mfereji aliomjengea Duke wa Bridgewater ulianza kupeleka makaa ya mawe Manchester kutoka machimbo ya Worsley, na bei ya makaa mjini humo ikashuka kwa karibu nusu. Matajiri wengine wakaona. Josiah Wedgwood, mfinyanzi maarufu wa Staffordshire, alikuwa amechoka kuona vyombo vyake vikivunjika kwenye barabara mbovu. Mwaka 1766 ndiye aliyechimba udongo wa kwanza wa mfereji wa kuunganisha mito Trent na Mersey.

Mfereji wa Duke ulikuwa mpana, lakini huu wa pili ulikabiliwa na kilima cha Harecastle, ambako ilibidi kutoboa handaki la zaidi ya kilometa 2 na nusu. Handaki pana lingegharimu mno, na vyumba vikubwa vingemaliza maji ya sehemu za juu. Brindley akavibana vyumba: urefu wa meta 22 hivi, upana meta 2 na kidogo. Mifereji mingi ya katikati ya nchi ikafuata kipimo hicho. Yeye alifariki mwaka 1772, miaka mitano kabla handaki halijamalizika. Humo hamkuwa na njia ya farasi, hivyo mnyama alipitishwa juu ya kilima huku wanaume wakilala chali juu ya mashua na kuisukuma kwa kukanyaga kuta gizani, kwa saa kadhaa.

Kipimo hicho kilitosha kwa wakati wake. Farasi mmoja aliweza kukokota tani 25 au zaidi, mzigo ambao barabarani ungehitaji kundi zima la farasi. Kisha mwaka 1830 reli ya Liverpool na Manchester ikafunguliwa. Reli zilipozidi kuenea, bei za usafirishaji kwa maji ziliporomoka, na wenye mashua hawakuweza tena kulipa vibarua wala kodi ya nyumba nchi kavu. Mke na watoto wakahamia majini wakawa ndio mabaharia wasio na mshahara. Makao yao yalikuwa kibanda cha nyuma chenye urefu wa meta 3 hivi: jiko la makaa, kabati, na kitanda cha kukunjua usiku. Shehena ilichukua nafasi yote iliyobaki. Walikipamba kibanda kwa michoro ya waridi na ngome, na leo watalii hununua vikombe vyenye michoro hiyo.

Uzuri huo usitufiche tabu yao. Watoto walikua bila shule kwa sababu mashua haikulala mahali pamoja. Mwanamageuzi George Smith wa Coalville alipiga kelele kuhusu hali hiyo hadi Bunge likapitisha sheria mwaka 1877 ya kusajili mashua za makazi na kuweka ukomo wa watu ndani yake. Hata hivyo, wengi waliendelea kuzeeka bila kujua kusoma.

Baadaye mifereji yenyewe nayo ikawa hatarini. Mwaka 1944 mwandishi L.T.C. Rolt alichapisha kitabu kuhusu safari yake ya mashua, na miaka miwili baadaye kikaundwa chama cha kutetea mifereji. Utetezi huo uliiokoa mingi isifukiwe, lakini haukuiokoa kazi. Barafu ya majira ya baridi ya mwaka 1962 kuingia 1963 iliziba njia kwa wiki nyingi, na shirika la umma la mifereji likaacha karibu usafirishaji wake wote wa mashua nyembamba. Mwaka 1970 ukakoma mkataba wa kupeleka makaa kwenye kiwanda cha jamu huko Southall, mmoja wa mikataba ya mwisho ya safari ndefu.

Msomaji uliyeko Uingereza, kabla ya kukodi mashua pitia Stoke Bruerne, Northamptonshire, penye jumba la makumbusho ya mifereji. Tazama historia ya familia hizi kwanza, kisha ndipo ushike usukani.