Mafundi Wawili, Muuru Mmoja

Hebu mniskize kidogo. Anko wangu anatengeneza magitaa Embu, kakibanda kamoja upande wa Majimbo. Rafiki yake wa zamani anafanya kazi hiyo hiyo Meru, karibu na soko la Gakoromone. Walifunzwa na mzee mmoja, wakalala chumba kimoja, wakala githeri sufuria moja. Saa hii hata salamu hakuna. Na chanzo si pesa wala mapenzi. Ni ubao wa mgongo wa gitaa.

Yule wa Meru anaapa kwa muuru, mti wetu wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, Meru kupitia Chuka hadi Embu. Wakoloni waliuita mwaloni wa Meru ingawa si mwaloni. Ni ndugu wa mbali wa mtiki. Anko anasema muuru unameza sauti, yeye ni saipresi tu. Na kila mmoja anaficha vipimo vyake. Nikitoa simu nirekodi, anko anatupa gunia juu ya kazi. Manze, mimi! Mtoto wa dadake!

Haikuwa hivi zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, gitaa lilishika kasi Kenya. Fundi Konde wa Pwani alikuwa amezunguka hadi Burma na kikosi cha burudani cha KAR. Mwaka 1952 Hugh Tracey akamrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Kongo, na santuri zake zikafika huku. Vijana wakapagawa. Lakini gitaa la dukani nani angenunua? Guka ananiambia wao walitafuta debe la mafuta, kipande cha ubao kiwe shingo, na waya wa breki ya baiskeli, wakaufumua uzi mmoja mmoja. Walitengenezea nje, kando ya njia, kila mtu akiona. Ukikosea, mwenzako anakucheka kwanza halafu anakuonyesha. Hakukuwa na siri juu hakuna aliyekuwa anauza.

Kwa maoni yangu siri iliingia pamoja na oda za wateja. Na naelewa. Mtu akijua vipimo vyako, kesho anafungua kibanda mkabala na chako. Hata Antonio de Torres, Mhispania ambaye magitaa mengi ya klasiki ya leo yanafuata umbo lake, alikuwa hivyo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, uso tu ndio wa mbao, aonyeshe kwamba uso ndio unaimba. Liko Barcelona hadi leo. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa siri yake, alijibu iko kwenye ncha za kidole gumba na cha shahada, yaani anavyousikia unene wa ubao akiushika. Alifariki 1892, na vidole vikaenda naye.

Wamarekani mwaka 1972 walianzisha chama cha mafundi mjini Tacoma, Guild of American Luthiers, kazi yake kusambaza ujuzi: michoro, vipimo, njia za kazi. Na ubishi wa mbao? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio: magitaa 6 yanayofanana, tofauti ni mbao za mgongo na mbavu tu, wapigaji 52 waliozibwa macho wasione wanachoshika. Mbao ghali na za bei nafuu zilipata alama karibu sawa.

Nikamsomea anko hiyo stori nikidhani nimemaliza kesi. Akanitazama tu. "Hao wamewahi kupeleka gitaa Siakago?"

Hapo ndipo nilijua ugomvi ulianzia wapi. Gitaa la muuru lilitengenezwa Meru, kwenye baridi na ukungu, likauzwa kwa mteja wa Siakago, kule chini kwenye joto kavu. Mwezi haukuisha, mgongo ukapasuka. Wa Meru akalaumu mteja, anko akalaumu mti. Mimi naona wote walikosea. Mbao hunyonya unyevu na kuutoa kufuata hewa ilipo. Ukiigandisha na gundi ikiwa bado na maji ya Meru, ikifika kwenye joto inasinyaa, inatafuta pa kupasukia. Saipresi pia ingepasuka. Swali lilikuwa moja: ubao ulikaushwa muda gani? Hakuna aliyeuliza, juu kuuliza ilikuwa ni kuingilia siri ya mwenzako.

Mzee aliyewafunza alifariki. Siku ya matanga, kalibu yake ya kupindia mbavu ilitiwa motoni kuchemshia waombolezaji chai. Wapishi walidhani ni kuni. Watu wawili tu pale ndio wangeitambua, na walikuwa wamekaa hema tofauti, kila mmoja akiangalia upande wake.

Disemba nataka tukutane Chuka, katikati ya njia. Kila mmoja alete gitaa moja, mpigaji tumfunge leso machoni. Mzee wa Meru amekubali. Anko anasema atakuja, ila nyuzi ziwe zake, na gunia anabeba.