Isale la Mpakani



Uchagani mmea wa isale hupandwa mpakani mwa kihamba. Jani la mmea uo huo hupelekwa kwa jirani aliyekosewa, kuombea msamaha. Nimeukumbuka juma hili niliposoma tena habari za barua ambayo Maaskofu wa Poland waliwaandikia Maaskofu wa Ujerumani tarehe 18 Novemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipokuwa ukielekea ukingoni. Barua hiyo nayo iligusa mpaka, nayo iliomba msamaha.

Vita Kuu ya Pili iliua raia wa Poland wapatao milioni 6, nusu yao Wayahudi. Mwaka 1945 mataifa yaliyoshinda yaliisogeza nchi hiyo kuelekea magharibi, kama mtu anavyosogeza kitanda chumbani. Mashariki ilipoteza Lwów na Wilno, ambayo leo ni Lviv ya Ukraine na Vilnius ya Lithuania. Magharibi ilipewa ardhi ya Ujerumani hadi mito ya Oder na Neisse. Mamilioni ya Wajerumani walikimbia au wakafukuzwa, na mji wao wa Breslau ukawa Wrocław.

Kila upande ukaikimbilia historia. Serikali ya kikomunisti ya Poland iliziita nchi hizo "ardhi zilizorudishwa", ikiwataja watawala wa ukoo wa Piast wa miaka 1000 iliyopita. Vyama vya waliofukuzwa, huko Ujerumani Magharibi, vilitaja karne nyingi ambazo mababu zao walilima na kujenga huko. Na wote walikuwa na ukweli mkononi! Historia haituambii tuanze kuhesabu mwaka gani. Ukianzia mwaka 1000, nchi ni ya huyu. Ukianzia 1900, ni ya yule. Na mtoto aliyezaliwa Wrocław baada ya vita, ambaye hakumfukuza mtu yeyote, hayumo katika hesabu ya aliyefukuzwa.

Rasimu ya barua iliandikwa na Askofu Mkuu Bolesław Kominek, mchungaji wa Wrocław. Haikuficha machungu: iliyataja mauaji na kambi za mateso, ikayataja pia mateso ya Wajerumani waliofukuzwa. Haikuurudisha mpaka, maana kwa Poland ulikuwa suala la uhai. Kisha ikasamehe, na ikaomba kusamehewa.

Je, huko si kumwachia mwenye nguvu alichonyakua? Swali hilo ni la haki. Aliyedhulumiwa anastahili kusikilizwa, kuombwa radhi, na pengine kulipwa fidia. Lakini dhuluma aliyotendewa babu, hata iwe kweli tupu, si hati ya kumng'oa mjukuu wa mwingine nyumbani kwake. Viongozi wa Afrika walikaribia fikra hiyo Cairo, Julai 1964, walipokubaliana kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Mwalimu Nyerere aliitetea hoja hiyo. Somalia na Moroko hazikuikubali. Mipaka yenyewe ilichorwa na wakoloni, tena vibaya. Waliona kuichora upya kungemwaga damu zaidi.

Barua ya Wapoland haikupokelewa kwa vigelegele. Serikali yao iliwashutumu maaskofu kwamba wameisaliti nchi, na hata waamini wengi walikwazika: tuombe msamaha sisi, tuliochinjwa? Jibu la Maaskofu wa Ujerumani, la tarehe 5 Desemba 1965, lilikuwa la kindugu, ila kuhusu mpaka lilisema machache. Mwaka 1966 Papa Paulo VI alinyimwa ruhusa ya kwenda Poland kuadhimisha miaka 1000 ya ubatizo wa taifa hilo.

Miaka ikapita. Desemba 1970 Kansela Willy Brandt alipiga magoti Warsaw, mbele ya mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi wa geto, siku ile ile ya kutia sahihi mkataba na Poland. Juni 1972, baada ya mkataba huo kuanza kutumika, Papa Paulo VI aliweka majimbo ya kudumu ya Poland katika ardhi hizo, na Kominek akawa Askofu Mkuu wa Wrocław kwa cheo kamili. Alifariki Machi 1974. Ujerumani iliyoungana ilitia sahihi mkataba wa kuuthibitisha mpaka huo tarehe 14 Novemba 1990, miaka 25 kasoro siku chache tangu barua ilipoandikwa.